Fundi wa makabureta wa Kisauni aliyeifufua kwodi yangu, na pesa nlizotupa kabla sijamjua

Naandika hii kwa yeyote mwenye kwodi (ile pikipiki ya magurudumu manne), pikipiki ama hata jenereta hapa Mombasa ambayo imeanza kusumbua kuwaka, maanake mie nimehangaika na hii shida mwezi wa sita wote mpaka wa saba ukaisha, nimezunguka kwa watu, nimetoa pesa ambazo sikufaa kutoa, na aliyekuja kunimalizia ni mzee mmoja huko Kisauni ndani anafanyia kazi chini ya mwarobaini. Hana bango wala duka. Ana meza ya mbao, kompresa ndogo ya upepo, kijana mmoja wa spana na sufuria nyeupe ya kufungulia kabureta, basi. Nampa nyota nne na nusu kati ya tano na hiyo nusu nliyotoa ntaieleza huko chini.

Kwanza chombo chenyewe. Ni kwodi ya Kichina ya cc 250, injini ya kupozwa na hewa, kabureta (kile kidude cha kuchanganya petroli na hewa) ni zile za PZ30, nlinunua mkono wa pili kwa jamaa aliyekua akiitumia Nanyuki (hilo la Nanyuki mlikumbuke). Ninazo mbili, napeleka wageni njia za mashamba nyuma ya Shanzu na Utange, msimu ukikubali ndio karo ya watoto hiyo. Sasa mwajua kuanzia mwezi wa nne kusi ishaingia, masika yapiga, wageni hakuna, nkazifunika turubai zote mbili nkaziweka bandani chini ya makuti. Moja ndugu yangu alikua akiichukua kila wiki kwendea dukani. Hii nyingine ikalala wiki kumi na kitu, petroli ndani ya tangi na koki nimeiacha wazi. Yaani ni zile zile kwodi, banda moja, mafuta ya pampu moja, ila moja ilikua ikizungushwa na moja imelala, na iliyozungushwa haikuwahi kusumbua hata siku moja. Hapo pekee palifaa kunifunza kitu lakini sikuona wakati huo.

Familia moja ya Nairobi ikanipigia simu wataka zote mbili wikendi. Nkaenda kuwasha. Yazunguka haiwaki, yazunguka haiwaki, nkavuta choki ikawaka. Nkashukuru. Nkarudisha choki, ikazima hapo hapo. Nkivuta tena yawaka, nkirudisha yazima, na nkiilazimisha kwenda na choki imevutwa yaenda lakini moshi mweusi na yakohoa kama mtu wa pumu. Wageni wakapanda moja kwa zamu, nkawarudishia nusu ya pesa na aibu juu.

Fundi wa kwanza ntamuacha bila jina, hata mtaa sitaji. Alikuja na bisibisi moja, akafungua kabureta kwodi ikiwa mchangani, upepo wapiga, akachokora jeti (vile vidude vya ndani vyenye tundu la kupimia mafuta) na sindano ya cherehani, akafunga. Alaf akatoa eafilta (chujio la hewa) akaniambia hii ndo yaibana, iache ipumue. Elfu mbili na mia tano. Jioni ile ile ikawa afadhali kidogo nkafurahi, kesho yake asubuhi imerudi vile vile, nkampigia akaniambia kabureta imekufa nunua mpya. Nkaenda mjini duka moja la spea nkanunua PZ30 mpya ya boksi kwa 3,800, tena muuzaji akaniambia hii ni orijino kabisa. Nikaifunga mwenyewe. Iliwaka vizuri siku mbili, hilo nakubali, iliwaka bila choki. Lakini kila nkiachia mafuta injini yabaki ikilia juu kwanza, yachukua sekunde tatu nne ndo yashuka, na siku ya tatu asubuhi nkakuta chini ya kwodi mchanga umelowa, banda zima lanuka petroli. Ile mpira ya kumwagia ziada yatona tone tone.

Hapo ndo jirani yangu mwenye tuktuk akaniambia we Shanzu yote wahangaika bure, nenda Kisauni kwa mzee. Nkaibeba kwodi kwa pikapu, na kabureta ya zamani nkaitia kwa mfuko wa plastiki nkaenda nayo, na wallahi sijui kwa nini niliibeba, ilikua bado kidogo niiuze kwa wa vyuma.

Nlipofika nkamwamkia, akaitikia marahaba, akaninyoshea kigoda. Nlidhani atashika spana. Hakushika. Alikua na kahawa yake akaendelea kunywa na kuniuliza.

"Chombo chafanyaje?"

"Mzee chatona mafuta, na ukiachia yabaki juu."

"Na hii kabureta ndio iliyokuja nayo?"

"La, hii mpya. Ya zamani iko hapa mfukoni."

"Ile ya zamani ilikua ikifanyaje?"

Nkamweleza habari ya choki. Akauliza ililala muda gani, nkamwambia. Na petroli ndani? Ndani. Koki wazi? Wazi. Akatikisa kichwa pole pole, hakunigombeza, akasema "basi mwanangu ile ya zamani haikufa, ile imeziba tundu moja dogo. Na hii mpya ina ugonjwa wake. Na chombo chenyewe pia kina kitu, tutakitafuta."

Na alivyosema ndivyo ilivyokuja kuwa, mambo matatu tofauti, na ndio sababu mie nakasirika na wale walioniambia nunua mpya bila kuuliza hata swali moja.

Kitu cha kwanza alichogusa si kabureta. Alichomoa dipstiki ya oili akainusa, akanipa na mie ninuse. Petroli! Oili imekua nyepesi kama maji ya viazi na imepanda juu ya alama. Akanieleza kua boya la hii kabureta mpya na sindano yake ya kufungia mafuta hazikalii sawa, bakuli la mafuta la chini ya kabureta likijaa mafuta hayakatiki, mengine yatoka kwa mpira wa ziada, mengine yapita ndani mpaka kwa injini, yashuka kwa piston yaingia kwa oili. Ukiendesha hivo oili haina nguvu tena, waua injini. Akamwaga oili yote kabla ya kitu chochote. Mie nlikua niiendeshe hivo hivo mpaka Kisauni lakini pikapu ya jirani ilipatikana, Mungu alinihurumia.

Alaf plagi. Akaangalia cheche, cheche iko nzuri. Akaweka kidole gumba kwa tundu la plagi kijana akazungusha injini, kompresheni ikamsukuma kidole. Akafungua kifuniko cha tangi akapuliza kile kitundu cha hewa kwa mdomo, kiko wazi (akasema vingi vya huku pwani vyaziba na mchanga na chumvi, gari laenda dakika kumi alaf lajizima, ukifungua kifuniko lapumua fyuu lawaka tena, na watu wauziwa kabureta kwa ajili ya hiyo). Akauliza eafilta iko wapi. Nkasema fundi alitoa. Hapo ndo nlimuona amekasirika kweli kweli. Akasema mchanga wa huku ni msasa, waingia kwa silinda wazitafuna piston na ringi, na tena kabureta imepimwa na filta ikiwa pale, ukitoa hewa yazidi mafuta yapungua, chombo ambacho tayari chakosa mafuta waendelea kukinyima. Akamtuma kijana akaninunulia sponji, akaiosha, akaikausha juani, akaipaka oili kidogo akaikamua.

Sasa ile ya zamani. Hii sehemu nlivuta kigoda karibu nione vizuri.

Alikua na bisibisi yake maalum amefunga kitambaa, akaniambia hizi skrubu za kabureta za Kijapani, na za Kichina zilizoiga za Kijapani, si nyota ya Phillips ya kawaida, ncha yake ni tofauti kidogo, ukitumia ya kawaida yateleza yala kichwa cha skrubu. Kweli mbili zilikua zishaliwa na yule wa kwanza. Akazigonga kidogo kwanza alaf akazifungua moja moja kwa sauti ya krik. Akaliinua bakuli juu ya ile sufuria nyeupe. Ndani mkatoka maji ya rangi ya chai nzito, yanuka si kama petroli, yanuka kama vanishi ya fundi seremala, na chini ya bakuli kuna utando wa kijani umeganda, na pembeni unga mweupe kama chumvi. Akapitisha kidole akanionyesha. Ule utando ni petroli iliyokaa, sehemu yake nyepesi imepaa na iliyobaki imekua gundi. Ule unga mweupe ni alumini yenyewe imeliwa, maanake bakuli lilikua na maji pia, huku kwetu hewa ina unyevu na chumvi na tangi likiwa nusu latoa jasho ndani usiku.

Alaf akatoa jeti ndogo. Ni kitu kidogo sana, cha shaba ya manjano, kina tundu katikati. Akakiinua akakielekeza juani akafunga jicho moja. Akanipa. Nkaangalia. Giza. Hakuna hata nukta ya mwanga. Nkaelewa hapo hapo bila kuambiwa, kua injini ilikua ikiomba mafuta kupitia hapo na hapo pamefungwa.

Hapo nkamuuliza basi kwa nini na choki ilikua yawaka. Akanieleza vizuri mpaka nikashika. Ukivuta choki wafunga hewa, injini yavuta kwa nguvu zaidi mafuta yatoka kwa matundu mengine, kwa hivo yapata ya kutosha kuwaka. Ukirudisha choki, kwa mngurumo wa chini inategemea ile jeti ndogo peke yake, na jeti ndogo imeziba, yazima. Kwa hivo mtu akikuambia yake yawaka kwa choki tu na ukirudisha yazima, nenda kwa jeti ndogo kwanza kabla ya kutoa hata shilingi kwa duka.

Hakutumia sindano. Alichuna waya wa umeme akatoa uzi mmoja wa kopa mwembamba kama unywele, akasema kopa ni laini haiumizi shaba, sindano ya chuma yapanua tundu na tundu likipanuka namba ya jeti ishakua uongo. Jeti akailoweka kwa dawa ya kusafishia kabureta muda mrefu kiasi cha mie kwenda kula viazi karai na kurudi, alaf akapitisha ule uzi, alaf upepo wa kompresa, alaf tena juani. Safari hii nkaona nukta nyeupe ya duara kabisa. Nlifurahi kama mtoto. Na njia za ndani za kabureta zenyewe pia alizipuliza moja moja, aziba huku kwa kidole asikilize upepo watokea wapi. Nkamuuliza habari ya wale wanaochemsha kabureta na ndimu, akasema ndimu yasafisha kweli lakini ukiisahau dakika chache yaanza kula alumini, na usipoisuuza vizuri yaendelea kula ikiwa tayari ushafunga, yeye haitumii.

Na hapa ndo pa Nanyuki. Alitoa jeti kubwa akaiosha, akavaa miwani akaisoma namba, akanyamaza. Alaf akaniuliza, "hiki chombo kimetoka bara?"

Nkashtuka. Nkamwambia Nanyuki. Nkamuuliza amejuaje. Akafungua ile kabureta mpya, akatoa jeti kubwa yake, akaziweka mbili pamoja kwenye kiganja. Ya zamani imeandikwa 105, ile mpya 115. Namba ndogo tundu dogo. Nanyuki iko zaidi ya mita 1,900 juu ya bahari, hewa kule ni nyepesi, injini yataka mafuta machache, kwa hivo yule jamaa ama fundi wake alitia jeti ndogo na kule ilikua sawa kabisa. Ikishuka huku baharini hewa ni nzito, yaingia nyingi, mafuta ni yale yale machache, chombo chawaka moto na chakosa nguvu. Na plagi yangu ya zamani nliyokua nayo kwa kisanduku cha zana alipoiona akasema angalia, nyeupe kama chokaa. Inatakiwa iwe kahawia kama chai ya maziwa. Nyeusi yenye masizi mafuta yamezidi, nyeupe yamepungua.

Jamani mie nimeendesha hiyo kwodi mwaka na zaidi nikijua ndivyo ilivyo, yachoka kwenye mchanga mrefu na mguu wa kulia wasikia joto la injini, nkawa nasema za Kichina ndio zilivyo. Kumbe ilikua bado imevaa nguo za Nanyuki. Akachukua ile 115 ya kabureta mpya akaitia kwa ya zamani, nyuzi zikakubali, kwa hivo walau ile 3,800 kuna kipande chake kimefanya kazi.

La tatu ni ile ya kubaki ikilia juu. Alipofunga kabureta ya zamani na oili mpya ikawaka bila choki, mie nkataka kulipa nende. Akasema ngoja. Akachukua ile dawa ya kupuliza, akamwambia mtu aliyekua na sigara aondoke kabisa pale, si kusogea, aondoke, akapuliza kidogo kidogo kuzunguka ile raba inayounganisha kabureta na injini, mbali na egzosi. Upande wa chini alipopuliza tu injini ikabadilika sauti. Akapuliza tena, ikabadilika tena. Akaifungua ile raba akaikunja na vidole, ikafungua mdomo, ufa mrefu kama kucha ambao ukiwa imekaa sawa huuoni. Jua na chumvi. Hewa ilikua yaingia hapo bila kupimwa. Raba mpya mia sita. Kwa hivo hata ningenunua kabureta za dhahabu shida hiyo ingebaki palepale.

Kupima mwisho ndo kulinifurahisha zaidi. Aliweka selotepu nyeupe kwa kile kidude cha gumba cha mafuta (kwodi hazina mkono wa kuzungusha kama pikipiki, wasukuma na gumba) akachora mistari mitatu kwa kalamu, robo, nusu, robo tatu. Akamtuma kijana aendeshe barabarani akishika mstari mmoja mmoja na asikilize. Akanieleza: ikikohoa kabla ya robo ni jeti ndogo na skrubu yake, kati ya robo na robo tatu ni ile sindano ndefu inayopanda na kushuka, juu ya hapo mpaka mwisho ni jeti kubwa. Watu wengi wasema tu "yakohoa" na fundi aanza kubahatisha, lakini ukijua yakohoa wapi ushajua ufungue wapi. Yangu ilikua safi yote ila kidogo hapo chini ya robo, akazungusha ile skrubu ya mchanganyiko. Alianza mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipokaza, akafungua pole pole mpaka sauti ikawa juu na sawa kabisa, alaf akashusha mngurumo na ile skrubu nyingine. Na akanitahadharisha kua si zote sawa, skrubu ikiwa upande wa filta hiyo ni ya hewa, ukifungua wapunguza mafuta, ikiwa upande wa injini ni ya mafuta, ukifungua waongeza. Mie miaka yote najizungushia tu.

Na kabla sijaondoka akapima kimo cha mafuta ndani ya bakuli, kitu ambacho sijawahi kuona fundi afanya. Alichomeka mpira wa kuonyesha ndani kwa tundu la kumwagia chini ya bakuli, akauinua pembeni ya kabureta, akafungua skrubu, mafuta yakapanda kwa mpira yakasimama chini kidogo ya pale bakuli linapoungana na kabureta. Akasema hapo ni sawa. Akaniambia ile mpya angeifanyia hivo hivo na mafuta yangepita juu ya mstari, na nlipomuomba akaifanya kweli akiwa ameishika mkononi, na yakapita. Yale yote ya "orijino kabisa" yakaishia pale.

Bei. Kazi yote elfu moja mia tano, raba mia sita, sponji mia mbili, oili nlinunua mwenyewe lita moja na kidogo. Piga hesabu mwenyewe mkono kwa mkono na ile 6,300 nliyotupa kabla, na hapo sijahesabu wageni.

Sasa ile nusu nyota. Mzee hana haraka na hatakupa saa. Nlienda Jumanne nkatoka Jumatano jioni, kuna pikipiki za boda sita mbele yangu na yeye hafanyi mbili kwa wakati mmoja. Ukiwa una wageni kesho hapo si pako. Simu hashiki akiwa kazini, risiti ni karatasi ya kiberiti kaandika kwa kalamu. Na jambo moja halikunipendeza kabisa, yule kijana alimwaga ile petroli chafu na oili kwa mtaro, na ule mtaro mvua ikija waenda mpaka kriki. Nkamwambia mzee kwa heshima, akamwita kijana akamsema, na nlipopita tena wiki ya pili nkaona kuna dumu limewekwa. Kwa hivo labda hiyo nusu siku moja ntairudisha.

Kwodi saa hii ina wiki tano tangu itoke kwa mzee. Yawaka asubuhi kwa choki nusu dakika narudisha, haizimi. Kwenye mchanga wa Utange yapanda na watu wawili wazito bila kulalamika na ule moto wa mguuni umeisha. Plagi nlifungua juzi, kahawia. Kitu ambacho sasa nafanya ni kwamba nikijua sitaitumia zaidi ya wiki mbili nafunga koki naiacha ilie mpaka ijizime yenyewe, alaf nafungua ile skrubu ya chini ya bakuli nikamue kilichobaki, na tangi najaza mpaka juu isipate nafasi ya kutoa jasho. Na petroli ya chupa za barabarani nimeacha kabisa hata ikiwa pampu iko mbali.

Mwenye kutaka kwenda, afike mapema kabla ya saa tatu asubuhi, ukichelewa foleni ishajaa boda. Ijumaa hafungui mpaka watu watoke msikitini. Ukifika Kisauni ulizia tu mzee wa makabureta, watoto wa pale wamjua. Na kama ulishabadilisha kabureta nenda na ile ya zamani pia, tena usiioshe, ataka kuiona na uchafu wake.